Safari Bila Hongo: Maoni juu ya Kupanga Likizo ya Wanyamapori Kusini mwa Afrika

Mtu anayekusudia kwenda likizo ya kutazama wanyamapori kusini mwa Afrika aghalabu huanza na maswali manne: aende mwezi gani, aende hifadhi ipi, aone wanyama gani, na gharama zitakuwa kiasi gani. Vitabu vya mwongozo wa watalii hupangwa kwa kufuata maswali hayo, na mawakala wa utalii huyajibu kwa ustadi mkubwa. Swali la tano halimo katika orodha: nchi atakayoikanyaga ni ya nani, na mwenye nchi hupewa nini inapokanyagwa. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo la tano lilistahili kuwa la kwanza, na kwamba msemaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kulidai, maadamu shughuli nzima huitwa kwa neno lililotoka katika lugha yake.

Historia ya neno safari inajulikana vya kutosha miongoni mwa wanaisimu, hivyo haihitaji kurefushwa. Asili yake ni Kiarabu. Katika Kiswahili limebeba mwendo wa kila namna: safari ya Hija, safari ya kwenda Tanga kumwona mgonjwa, hata safari ya mwisho. Katika karne ya 19 lilitaja pia msafara wenyewe, yaani watu na mizigo yao. Richard Burton, katika maandishi yake yaliyochapwa mwaka 1860, hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa waliolitia katika Kiingereza. Kisha mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani mwaka uo huo, aliingia Afrika Mashariki ya Waingereza akiwa na mwanawe na wapagazi zaidi ya 200, na habari za uwindaji wake zikaenezwa na magazeti. Tangu hapo maana ya neno ilibanwa: ikawa ni kwenda porini kuua wanyama, na baadaye, bunduki ilipopungua, kwenda porini kuwapiga picha.

Ni katika maana hiyo iliyobanwa kwamba neno lilielekea kusini, tena si kwa midomo ya Waswahili. Huko lilikuta maneno yaliyokuwa yakifanya kazi barabara. Chinyanja kina *ulendo*, neno ambalo hata maafisa wa kikoloni wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini walilitumia kwa ziara zao za vijijini. Kishona kina *rwendo*, Kizulu *uhambo*, Setswana *leeto*. Mtalii wa leo hupita katika nchi hizo zote bila kuhitaji hata moja kati ya maneno hayo. Pamoja na safari lilifuatana neno boma, ambalo katika kambi nyingi za watalii kusini mwa Afrika sasa ni ua wa mviringo wa miti au matete unaozunguka moto, ambamo wageni hula chakula cha usiku. Mzee wa Kipare au wa Kihehe akikaribishwa katika boma la namna hiyo angeshangaa kukuta humo meza na glasi za mvinyo.

Neno ambalo halikusafiri ni hongo. Katika matumizi ya leo hongo ni rushwa, na hakuna anayelitamka bila kushusha sauti. Lakini kwenye njia za misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, hongo ilikuwa malipo ya wazi ambayo msafara uliwapa watawala wa nchi ulizopita. Ililipwa kwa vitambaa, kwa shanga, na kwa nyaya za shaba. Ugogo ilisifika, au ililaumiwa, kuliko nchi nyingine zote kwa ukali wa hongo yake, na sababu haikuwa fumbo: Ugogo ni nchi kavu, maji yake yalikuwa ya visima na mabwawa yenye wenyewe, na msafara wa watu mia tano na punda wao ungeweza kuyamaliza kwa siku mbili. Wazungu waliopita huko waliandika juu ya hongo kwa uchungu kama watu walioibiwa. Mtemi aliyewatoza aliwaona kama watu waliokunywa maji yake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hongo ilimlazimisha mpangaji wa msafara kuijua nchi kabla ya kuondoka pwani. Shanga zilizopendwa mahali pamoja zilikataliwa mahali pengine. Aliyenunua rangi isiyotakiwa alikuwa amenunua mzigo wa mawe. Hivyo orodha ya vitu vilivyofungwa Bagamoyo ilikuwa pia orodha ya wenye nchi, hatua kwa hatua. Haifai kuipamba misafara hiyo. Ilibeba pembe za ndovu na ilibeba watumwa, na shanga hizo hizo zilinunua binadamu. Tena hongo iliishia mikononi mwa mtemi, na mkulima aliyepoteza mtama wake kwa wapagazi wenye njaa huenda hakupata hata uzi. Hoja hapa ni finyu zaidi: katika mpango wa safari ile, mwenye nchi alikuwa na mahali pake. Katika mpango wa likizo ya leo mahali hapo hapapo.

Chukua swali la mwezi, ambalo ndilo huonekana kuwa la kimaumbile kuliko yote. Jibu la kawaida ni sahihi: kiangazi cha kusini mwa Afrika, takriban Mei hadi Oktoba, ndio wakati wa kuona wanyama, kwa kuwa majani yamepukutika na wanyama hukusanyika penye maji. Katika bonde la Luangwa nchini Zambia, kambi nyingi hufungwa kabisa wakati wa masika kwa sababu njia hazipitiki. Mgeni kutoka karibu na ikweta huonywa pia kwamba Juni na Julai ni miezi ya baridi, na kwamba alfajiri katika gari la wazi huhitaji koti zito. Hadi hapa hakuna neno la kubishania.

Lakini maji hayo ambayo wanyama huyakusanyikia hutoka wapi? Delta ya Okavango nchini Botswana hufurika katikati ya kiangazi, kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo mvua hainyeshi kabisa, kwa kuwa maji yake hunyesha miezi mingi kabla katika nyanda za juu za Angola na kushuka polepole. Uzuri wa Okavango wa mwezi Julai unategemea basi vijiji vya Angola ambavyo mtalii hataviona wala jina lao hatalisikia, na ambavyo watu wake wakiamua kesho kumwagilia mashamba kwa maji hayo watakuwa wanatumia maji yaliyonyesha kwao. Mkataba wa hifadhi ya pamoja ya Kavango na Zambezi, uliotiwa sahihi mwaka 2011 na Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe, ulikiri angalau kwamba mfumo huu ni mmoja. Mipango ya wageni bado huanzia penye kiwanja cha ndege cha Maun.

Hwange ya Zimbabwe ni mfano wa namna nyingine. Hifadhi hiyo, yenye jina la chifu wa Wanambya, haina mto wa kudumu. Tangu miaka ya 1930 maji yake ya kiangazi yamevutwa kutoka ardhini kwa visima na pampu, kwanza za upepo na za dizeli, na siku hizi pia za nishati ya jua. Makundi ya tembo yanayopigwa picha Septemba yamesimama kwenye bwawa lililojazwa na binadamu. Pampu ikiharibika tembo hufa. Matangazo huiita hali hiyo pori la asili lisiloguswa, na mgeni hurudi kwao akiamini kwamba ameiona Afrika kama ilivyokuwa kabla ya watu.

Dhana hiyo ya pori lisilo watu ndiyo mzizi wa jambo. Hifadhi ya Sabi ilitangazwa mwaka 1898, na mwaka 1926 ikawa kiini cha Hifadhi ya Taifa ya Kruger. Kwa miaka mingi ya ubaguzi wa rangi mgeni mweusi alitengewa kambi ya Balule. Weusi wengine waliokuwamo ndani walikuwa wafanyakazi. Kaskazini kabisa ya hifadhi, kati ya mito Luvuvhu na Limpopo, waliishi watu wa Makuleke. Mwaka 1969 serikali iliwaondoa kwa nguvu, wapatao 3,000, na nchi yao ya Pafuri ikaunganishwa na Kruger. Tangu siku hiyo ramani za watalii ziliionyesha kuwa pori.

Pafuri haikuwa pori. Karibu na Luvuvhu, kilimani Thulamela, pana mabaki ya mji wa kuta za mawe ambamo wanaakiolojia walikuta dhahabu, vigae vya kauri ya Uchina na shanga za kioo, bidhaa ambazo haziwezi kuelezwa bila biashara ya Bahari ya Hindi na miji ya pwani hadi Sofala. Msomi wa Kiswahili akipanga kwenda Kruger, hapo ndipo penye undugu naye. Bado ratiba nyingi humpeleka kusini mwa hifadhi, kwenye barabara za lami, kwa kuwa huko chui huonekana kwa urahisi zaidi.

Baada ya ubaguzi kuondolewa, jamii ya Makuleke ilidai ardhi yake kwa sheria, na mwaka 1998 ilirudishiwa takriban hekta 24,000. Kwa mapatano, wenyewe hawakurudi kuishi humo wala kulima. Walikubali ardhi iendelee kuwa sehemu ya hifadhi kwa miaka 50, na wakabaki na haki ya kuingia mikataba ya kambi za wageni. Wapo wanaoyaona mapatano hayo kuwa mfano bora, na wapo wanaouliza ni ushindi gani huo wa kurudishiwa nyumba usiyoruhusiwa kulala. Hoja ya pili ina uzito. Hata hivyo kwa mpangaji wa likizo jambo moja ni wazi: ndani ya Kruger upo upande ambao mwenye nchi anajulikana kwa jina na ana mkataba mkononi, na kitanda cha mgeni kinamlipa. Kuupita upande huo bila kuuliza ni uchaguzi, hata kama mgeni hakujua kwamba amechagua.

Kesi ya Kalahari ya Kati ni nzito zaidi, na inamgusa mgeni mahali hasa palipomgusa mpagazi wa Ugogo, yaani penye maji. Hifadhi hiyo ya Botswana, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 52,800, ilitangazwa mwaka 1961 kwa nia iliyojumuisha kuwalinda Wasan walioishi humo pamoja na wanyama wao. Mwaka 1997 na tena mwaka 2002 serikali iliwahamisha wakazi hao. Katika awamu ya pili huduma ya maji ilikatwa. Desemba 2006 Mahakama Kuu iliamua, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, kwamba wakazi waliofungua kesi walinyang'anywa ardhi yao kinyume cha sheria. Lakini waliorudi walikuta kisima kimefungwa. Walipoomba kukitumia kwa gharama yao wenyewe walikataliwa, ilhali katika hifadhi hiyo hiyo kambi ya watalii iliruhusiwa kuvuta maji kwa ajili ya wageni. Haki ya kisima waliipata Januari 2011 katika Mahakama ya Rufani. Vitabu vya mwongozo huisifu Kalahari ya Kati kwa simba wake wenye manyoya meusi shingoni na kwa ukimya wake. Ukimya huo una historia, na mtu anayelipia siku tatu za kuufurahia hana udhuru wa kutoijua.

Isidhaniwe kwamba kila hifadhi ya kusini ni simulizi la wizi. Moremi, katika Okavango, ilianzishwa mwaka 1963 na Watawana wenyewe wakiongozwa na Elizabeth Pulane Moremi, aliyekuwa akishika utawala, kwa hofu kwamba uwindaji ungewamaliza wanyama wa nchi yao. Hata hapo pana kivuli: Wasan waliokuwa wakiishi ndani walihamishwa, na kijiji cha Khwai kwenye lango la kaskazini ni chao. Mwenye nchi naye anaweza kumsahau mwenye nchi aliyemtangulia. Mfano wa Luangwa ni wa zamani zaidi. Mwaka 1950 Norman Carr, aliyekuwa ofisa wa wanyamapori, alipatana na Chifu Nsefu kutenga eneo na kujenga kambi ya wageni, na mapato yake yaliingia katika hazina ya chifu. Carr hakuita hivyo, lakini alikuwa amerudisha hongo.

Namibia ililiweka jambo hilo katika sheria. Kwa sheria ya mwaka 1996, wakazi wa eneo la ardhi ya jamii waweza kusajili hifadhi yao wakiwa na mipaka iliyokubaliwa na majirani, orodha ya wanachama, katiba, na mpango wa kugawa mapato. Wakisajiliwa hupata haki juu ya wanyama na juu ya utalii. Za kwanza, zikiwemo Torra na Nyae Nyae, zilisajiliwa mwaka 1998. Baada ya miongo miwili zilikuwa zimefika 86, zikienea katika takriban sehemu moja ya tano ya nchi. Sehemu ya mapato yao hutoka kwa wawindaji wa kigeni, jambo linalowachukiza watalii wengi wa kamera. Chuki hiyo ingekuwa na nguvu zaidi lau wenye kamera wangekuwa tayari kwenda mahali pakavu ambapo mwindaji hukubali kwenda.

Swali la nani anayekula hongo haliepukiki. Mpango wa CAMPFIRE wa Zimbabwe, ulioanza kazi mwaka 1989, uliweka mamlaka mikononi mwa halmashauri za wilaya za vijijini, na lawama ya kudumu dhidi yake ni kwamba halmashauri zilibakiza fungu kubwa kabla ya kufikia kijiji ambacho tembo alikuwa amekula mahindi yake. Kamati za Namibia nazo zimelaumiwa. Kwa wengine huu ni ushahidi kwamba mpango wote ni bure. Hilo ni kosa la mantiki. Mtemi mchoyo hamfanyi msafiri kuwa mwenye haki ya kupita bure. Humpa tu wajibu wa kuuliza zaidi.

Pingamizi lenye nguvu kuliko hilo ni la wachumi. Mgeni, husema, hulipa kodi, hulipa kiingilio cha hifadhi, na huwapa watu ajira. Nchi imeshapata chake. Ni kweli, na nchi kama Botswana, iliyochagua wageni wachache wanaolipa sana, imepata mengi. Lakini kiingilio hulipwa kwa fedha, na fedha ina hesabu zake. (Mfano mmoja wapendeza: Mtanzania, kwa kuwa nchi yake ni mwanachama wa SADC, hutozwa kiingilio cha Kruger kilicho nafuu kuliko cha mgeni wa London, Mkenya asemaye Kiswahili kile kile, lugha ambayo SADC yenyewe iliipokea kuwa rasmi mwaka 2019, huhesabiwa pamoja na mgeni wa London.) Aidha, mshahara wa mhudumu ni malipo ya kazi ya mhudumu. Hauwezi kuwa pia malipo ya ardhi ya babu yake. Kuyachanganya malipo hayo mawili ndiko kunakoufanya mpango wa likizo uonekane umekamilika ilhali umepungukiwa.

Na mpango ndio mahali pa kurekebishia, si safari yenyewe. Likizo ya namna hii hulipwa karibu yote kabla mgeni hajapanda ndege, mara nyingi katika nchi yake mwenyewe. Akishafika, anachobakiwa nacho ni bakshishi. Kwa hiyo wakati wa kuandika barua ya kwanza kwa wakala ndio wakati wa kuuliza: kambi imesimama juu ya ardhi ya nani, mkataba ni wa miaka mingapi, na kwa kila usiku wa mgeni jamii hupata kiasi gani, kwa njia ipi. Kambi zenye mikataba ya kweli huyajibu maswali haya upesi, maana ni sifa yao. Nyingine hutuma picha za watoto wa shule wakiimba.

Kwa wanaoshughulikia istilahi ipo kazi ndogo hapa. Maandishi ya utalii ya nchi za SADC yataendelea kuhitaji kutafsiriwa kwa Kiswahili, na malipo haya hayana jina lililokubaliwa. Hongo haiwezi kurudishwa. Rushwa imeliharibu neno hilo kiasi kwamba waziri yeyote angekimbia kulisikia. Ushuru ni wa serikali, na mchango ni hisani, kana kwamba mgeni ndiye mkarimu na mwenyeji ndiye maskini aliyebahatika. Ada ya wenye nchi ingefaa. Ina uzito wa deni, na inamtaja anayedai. Ikiandikwa katika hati ya malipo kama mstari wa pekee, chini ya nauli ya ndege na juu ya gharama za chakula, mgeni ataona kiasi chake. Na katika hati ambazo kiasi hicho ni sifuri, sifuri hiyo nayo itasomeka.